Mlingoti Mtupu

Ofisi ya zone, maana ndivyo komini, yaani wilaya za mji, zilivyoitwa enzi za Zaire, ni mahali ambapo mtu huingia amenuna na kutoka amenuna zaidi. Unakwenda kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto ambaye tayari anaota ndevu. Unakwenda kumshtaki jirani anayemwaga maji machafu mlangoni kwako. Unaambiwa rudi Jumatatu. Lubumbashi nzima imewahi kuambiwa rudi Jumatatu. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba katika ua wa ofisi ya namna hiyo aliona jambo lililomfanya avue kofia, una haki ya kumcheka. Stanislas naye angecheka, kama asingekuwapo.

Zone gani? Haidhuru. Ilikuwa mojawapo ya zile ambazo barabara yake inashuka kuelekea soko la mtaa uitwao Kenya, na Stanislas ndiye aliyekuwa akifungisha ndoa za serikali pale. Kazi hiyo alikuwa ameifanya muda mrefu mpaka ikamtoka moyoni. Maharusi walisimama mbele yake, mkono wa kushoto umeshika bendera, wa kuume umeinuliwa juu, naye akawasomea vifungu vya sheria kwa Kifaransa, mbiombio, kama mtu anayetema mbegu za papai. Alipofika pale pa kuuliza kama kuna mtu anayeipinga ndoa, hakungoja jibu. Aliuliza na kuendelea kwa pumzi ileile. Nani apinge? Waliokuwapo walikuwa shangazi wanaofikiria bia na wali.

Mwezi wa nne wa mwaka tisini na saba, mji ukaangukia mikono mingine. Askari wa zamani walivua magwanda wakayatupa mitaroni, na askari wapya, waasi waliotoka mashariki, wakaingia kwa miguu, mstari mmoja mmoja, wamevaa mabuti ya mpira kama watu wanaokwenda kulima matuta. Wakubwa waliokuwa wakivaa abakosi, zile suti za serikali zisizo na tai, zilizopigwa pasi waliamka asubuhi abakosi zimegeuka matambara ya kudekia. Mkuu wa zone alitoweka kabla jua halijachomoza, wala hakumuaga hata mkewe. Na watu, ambao walikuwa wamekaa na njaa muda mrefu wakiitazama serikali ikila, wakaingia ofisini kuchukua chochote kilichobaki. Mtu akinyimwa ng'ombe, basi hata kwato ataondoka nazo.

Stanislas alifika asubuhi hiyo kwa sababu moja tu, wala haikuwa ya kishujaa. Abakosi yake ilikuwa inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na alitaka kuiondoa kabla askari hawajaikuta wakauliza ni ya nani. Hakuikuta. Msumari nao ulikuwa umeng'olewa. Ukumbi wa ndoa ulikuwa hauna kiti hata kimoja, na ukutani, pale picha ya mkuu wa nchi ilipokuwa, palibaki mraba mweupe. Alisimama katikati ya ukumbi ule akahisi kama amekanyaga kaburi la mtu ambaye hakumpenda.

Alipotoka nje alimkuta Symphorien, tarishi wa zone, amesimama chini ya mlingoti.

Symphorien ndiye aliyekuwa akipandisha bendera. Kila asubuhi alipuliza filimbi, na filimbi ile ikilia, barabara yote ilisimama. Si mchezo, ilisimama kwelikweli: mwenye gari aliikanyaga breki, mwenye mzigo kichwani aliganda na mzigo wake, waliokuwa wakigombana walifunga midomo. Ole wake aliyetikisika, kwa maana walinzi walimburuta ndani akaokote takataka za ua mzima. Bendera ikifika juu, filimbi ya pili ililia, na dunia ikaruhusiwa kuendelea. Watoto wa Lubumbashi walijifunza kusimama kwa filimbi kabla hawajajua kusali.

"Symphorien," Stanislas akamwita, "uko unafanya nini hapa?"

"Niko nangoya, chef."

"Unangoya nini? Drapeau shi balibeba jana?"

Kweli, askari wapya walikuwa wameishusha bendera ya kijani jana yake na kuondoka nayo, na ya kwao hawakuileta. Kamba ilikuwa inapigapiga chuma, tingi, tingi, haina kitu. Symphorien alikuwa na filimbi yake shingoni, na uso wa mtu aliyefika msibani akakuta hata maiti haipo.

"Najua balibeba," alisema. "Lakini saa ilifika, miguu ikanileta."

Stanislas alitaka kumwambia aende nyumbani akajifungie. Kinywa kilikuwa kimeshafunguka. Ndipo akaona watu wanaingia langoni, naye akasema moyoni, sasa hii ni balaa gani tena.

Mbele alikuwa Mama Madeleine, muuza samaki wakavu, amejifunga kitenge kipya na kilemba cha kutisha. Nyuma yake mwanawe Chola, amevaa suti, anasukuma baiskeli ya makaa, zile zinazotoka Kasungami na magunia. Lakini juu ya baiskeli hapakuwa na gunia. Alikuwa ameketi mzee mmoja mwembamba, amevaa koti la sufu, anahema kwa shida. Pembeni, akimshikilia mzee asianguke, alitembea Bijou, bibi harusi, gauni jeupe amelikunja hadi magotini kwa ajili ya tope.

"Bonjour, chef," Madeleine akasema, kana kwamba mji ulikuwa umelala salama. "Tunakuya kwa ile ndoa ya leo."

"Ndoa? Mama Madeleine, hauone? Zone haiko tena. Chef mukubwa alikimbia. Ndani balibeba byote, mpaka biti. Murudie Jumatatu."

"Jumatatu ya serikali gani?"

 Mama yule alimtazama Stanislas mpaka Stanislas akatazama viatu vyake mwenyewe.

"Chef," Madeleine akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, "huyu njo Papa Ntumba, baba ya Bijou. Alitoka Kasai na treni, juma na juma mu njia. Kifua yake iko mubaya. Docteur alituambia: kama kuko kitu munataka kumuonyesha, mumuonyeshe sasa. Usituambie Jumatatu."

Mzee alikuwa ameteremka kwenye baiskeli. Alikataa mkono wa Chola, akajikokota mpaka kwenye mlingoti, akauegemea.

"Papa," Stanislas akamwambia kwa upole, "kama ni baraka unatafuta, padri yuko. Missioni haijakimbia."

"Padri atabariki ndoa Siku ya Mungu," mzee akajibu. "Padri hakunifukuzaka. Ni Leta njo ilinifukuza."

Leta ndivyo watu wa kule wanavyoiita serikali, na mzee alilitamka kama mtu anayemtaja ndugu aliyemdhulumu.

Akasimulia kwa ufupi, maana pumzi haikumruhusu zaidi. Alizaliwa Likasi, mji wa mkoa huohuo, alifanya kazi Likasi, hata mbwa wa Likasi walimjua. Ikaja ile miaka ya kufukuza watu wenye asili ya Kasai, na asubuhi moja gari likapita mtaani lenye kipaza sauti. "Ile micro ilisema: bantu ba Kasai, murudie kwenu. Mi sikukuwaka na kwetu kwingine. Tulilala ku gare, inje, na mvua. Bibi yangu, mama ya Bijou, alifia pale, chini, kwenye kungoyea treni. Bantu balikuwa banapita. Balikuwa banatuangalia na banaenda. Hakuna mwenye alisimama."

Bijou wakati ule alikuwa msichana wa shule Lubumbashi, na Madeleine, ambaye hakuwa ndugu yake wala mtu wa kabila lake, alimficha chumbani pamoja na magunia ya samaki mpaka kelele zikapoa. Aliponuka samaki kwa miezi hakuna aliyelalamika, na Chola, inaonekana, harufu ile ilimkaa puani.

"Sasa, chef," mzee akasema, "ile mudomo ilisema mutoto wangu haiko wa hapa, minataka ile mudomo yenyewe iseme jina yake, mbele ya bantu. Ile mudomo ni wewe. Sikuone mwingine hapa."

 Miaka yote ya kazi Stanislas hakuwahi kufikiri kwamba mtu angeweza kuvuka nusu ya nchi, mgonjwa, juu ya mabehewa, kuja kusikia maneno yake. Yeye mwenyewe alikuwa hayasikilizi. Akaona haya, na haya ile ikageuka hofu, kwa maana risasi zilikuwa bado zinalia mojamoja upande wa mjini, na mtu mwenye akili alikuwa chini ya kitanda chake.

"Sawa," akajisikia anasema. "Mukuye hapa. Tufanye mbio."

"Na drapeau?" mzee akauliza.

"Papa, drapeau haiko. Lakini sheria haiombe drapeau. Ni desturi tu. Ndoa itashika."

Mzee akatikisa kichwa. "Bila drapeau, nitajua namna gani ni Leta inasema? Wewe ni muntu wa shati tu."

Akawa amekwama hapo. Kumbembeleza Mluba wa Kasai aliyeamua ni kubembeleza reli ipinde. Chola alimsihi, Madeleine akamsihi, Symphorien akasema labda angekwenda kuangalia kama askari waliitupa mahali, lakini miguu yake haikusogea. Stanislas alitazama langoni. Barabara ilikuwa imejaa. Mtu alipita na mlango mgongoni, mlango mzima na bawaba zake. Wanawake walikimbia na mabeseni ya unga. Jamaa mmoja alikuwa amejitwisha kiti kikubwa cha ngozi, kiti cha mkuu wa zone mwenyewe, miguu ikitazama mbinguni. Hakuna aliyegeuza macho kuangalia maharusi. Kila mtu alikuwa na mzigo wake na woga wake.

Ndipo Bijou akasema. 

"Tatu," alimwita baba yake kwa lugha ya kwao, kisha akaendelea kwa Kiswahili ili wote wasikie, "drapeau banabadirishaka. Ile ya leo haikukuwa ya jana, na ya kesho hatuyue. Lakini hii muti ya drapeau, tangu nafika huku iko tu hapa. Haikukimbia. Tushike hii."

Akaliachia gauni lake likaanguka kwenye tope jekundu, akaweka mkono wa kushoto juu ya chuma, jirani na bega la baba yake. Chola akaja upande wa pili akaweka wake. Wakainua mikono ya kuume. Mzee akarudisha kichwa nyuma kidogo akautazama mlingoti kutoka chini hadi juu, pale ambapo hapakuwa na kitu ila mbingu, akautazama kwa muda mrefu.  Kisha akajisogeza kuwapisha.

Stanislas akafunga kifungo cha shati mpaka shingoni. Akasimama wima, visigino pamoja.

Hapo ndipo Symphorien alipokosea. Ukimuuliza mpaka leo atakuambia hakujua anafanya nini. Aliona mikono juu ya mlingoti, aliona chef amesimama wima, asubuhi, uani mwa zone, na mwili wake ukajibu kama ulivyojibu maisha yake yote ya kazi. Filimbi ikaingia kinywani. Akapuliza.

Sauti ile ilipita juu ya ukuta ikashuka barabarani mpaka sokoni.

Na barabara ikasimama.

Stanislas aliona kwa macho yake mwenyewe na hakuamini macho yake. Mtu wa mlango aliganda na mlango mgongoni. Wanawake wa unga waliganda, mmoja mguu umeinuka. Mwendesha baiskeli aliyepakia makaa juu kuliko kichwa chake alikanyaga chini akaishikilia ile baiskeli isianguke. Mwizi wa kiti alisimama mbele ya lango hasa, kiti kichwani, na Stanislas aliona macho yake chini ya kile kiti, yamejaa mshangao, kama ya mtu ambaye miguu yake imemsaliti. Ukimya ulitembea, ukaenda nyumba hata nyumba, na mbali kule sokoni kelele zikazimika kama taa. Mji ambao tangu jana haukuwa na mwenyewe, mji uliokuwa ukijirarua, ulisimama wima mbele ya mlingoti usio na bendera.

Kisha wakatokea askari. Walikuwa kikosi kidogo, wanapanda barabara na mabuti yao ya mpira, bunduki mabegani, wageni kabisa. Waliona umati umeganda. Aliyewaongoza akamnong'oneza mama mmoja, "Kuna nini?" na mama yule, bila kugeuza shingo, akajibu kwa pembe ya mdomo: "Drapeau." Askari akatazama kule walikotazama wengine. Hakuona bendera. Akatazama tena, labda akidhani macho yake ndiyo yenye kasoro. Aliona wanaume wawili waliosimama wima, mama mwenye kilemba, mzee mgonjwa, na vijana wawili waliovaa vizuri wameshika chuma. Akabana visigino vya mpira, ambavyo havikutoa sauti, akapiga saluti. Wenzake nyuma yake wakafanya hivyohivyo.

Mungu wangu, Stanislas akasema moyoni. Mungu wangu. Alikuwa ameitumikia serikali tangu ujana na hakuwahi kuiona. Alikuwa ameona mihuri, ameona magari meusi, ameona matumbo ya wakubwa. Serikali yenyewe aliiona siku ile, na ilikuwa watu, wamesimama.

Alianza kusema. Kifaransa kilikataa kutoka, na hakukilazimisha. Alisema kwa Kiswahili cha pale, polepole, kwa sauti ambayo hakujua kwamba anayo.

"Chola, mutoto ya Madeleine. Unakubali kumutwala Bijou, mutoto ya Ntumba, kuwa bibi yako?"

"Nakubali."

"Bijou, mutoto ya Ntumba. Unakubali kumutwala Chola, mutoto ya Madeleine, kuwa bwana yako?"

"Nakubali."

Kila mara jina la Ntumba lilipotajwa, mzee alifumba macho. Majina yalitoka langoni yakawafikia watu wa barabarani, nao hawakuwa na pa kwenda ila kuyasikia.

Likaja lile swali. Stanislas alilitazama likija, akaelewa kwamba kwa maisha yake yote alikuwa akiliruka kama mtu anayeruka dimbwi. Safari hii aliligeukia. Aliwaacha maharusi nyuma yake, akauelekea umati.

"Bantu ba hapa," akasema. "Kama kuko muntu mwenye anapinga ndoa ya hawa batoto, kama kuko mwenye anasema mutoto ya Ntumba haiko wetu, aseme sasa."

Akangoja.

Siwezi kukueleza ukimya ule. Kamba iligonga chuma, tingi. Mtoto mchanga alilia mahali, akanyamazishwa kwa ziwa. Katika umati ule, nina hakika, walikuwamo waliopiga kelele miaka ile, na waliopita bila kusimama, na waliofunga madirisha. Stanislas aliwatazama uso kwa uso, naye alijua kwamba dirisha lake mwenyewe lilikuwa limefungwa wakati ule. Mwizi wa kiti alikuwa analia. Machozi yalimshuka na hakuweza kuyafuta, maana mikono ilikuwa imeshika kiti. Hakuna aliyesema neno.

Stanislas akageuka. "Basi, kwa jina la Jamhuri ya..." akaanza, na ulimi ukakwama. Jamhuri ya nani? Jina la jana lilikuwa limekufa na la leo alikuwa halijui vizuri. Alimtazama mzee. Akaanza upya: "Kwa jina la hii inchi, na ya bantu bote benye kusimama hapa, minasema: Chola na Bijou ni bwana na bibi. Ndoa inashika."

Madeleine akabana mdomo kwa viganja vyote viwili ili vigelegele visimtoke. Chola na Bijou hawakuuachia mlingoti. Walikuwa wanamtazama mzee, wakingoja.

Papa Ntumba alikuwa ameacha kuegemea. Sijui nguvu alizipata wapi. Alikuwa amesimama kwa miguu yake miwili, anatazama barabarani, uso kwa uso, polepole, kama mtu anayetafuta ndugu zake sokoni: mtu wa mlango, wanawake wa unga, mwenye makaa, askari na mikono yao kwenye vipaji vya nyuso. Midomo yake ilitamka kitu, na Bijou peke yake ndiye aliyesikia kwamba lilikuwa jina la mama yake.

 Watu walikuwa wamechoka, yule wa makaa alikuwa karibu kuanguka. Symphorien akainua filimbi kwa ajili ya mlio wa pili, ule wa kuwaachilia.

Mzee akamshika mkono.

"Usipige kwanza, mwanangu," akasema. "Baache basimame kidogo."

Symphorien akamtazama Stanislas.  Stanislas aliweka mikono yake ubavuni, akainua kidevu, akasimama pamoja nao.